Pete za msiba za Marekani ya kikoloni zisomwe, zisiitwe uchawi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu makala iliyochapishwa hivi karibuni katika kurasa zenu za utamaduni, iliyozungumzia pete za maombolezo zilizovaliwa katika makoloni ya Kiingereza ya Amerika Kaskazini. Nashukuru kwamba mlilipa jambo hili nafasi kubwa, maana ni nadra magazeti yetu kugusa historia ya vito. Hata hivyo, makala ilichapisha picha za mafuvu na mifupa iliyochongwa juu ya dhahabu, ikaziita pete hizo hirizi, ikazihusisha na uchawi wa Salem, mji wa koloni la Massachusetts ulio karibu na Boston, kisha ikahitimisha kwamba watu wa zama hizo waliabudu kifo. Maelezo ya picha yalitaja bei ambazo pete kama hizo huuzwa mnadani, lakini hayakutaja jina la marehemu hata mmoja, wala hapakuwa na picha hata moja iliyoonyesha upande wa ndani, ambako katika pete za zamani ndiko kulikoandikwa maneno. Kazi yangu ni usonara, na katika kazi hii pete ya kale husomwa ndani kabla ya kutazamwa nje. Ndiyo maana nimeona nisinyamaze.

Pete ya msiba ya kawaida kutoka Boston ya mwanzoni mwa karne ya 18 ni ukanda mwembamba wa dhahabu. Upande wa nje sonara alichonga fuvu lenye mabawa, au kiunzi cha mifupa kilicholala kufuata mviringo wa kidole, kisha mifereji aliyoichonga akaijaza enameli nyeusi, yaani unga wa kioo uliotiwa rangi, akauingiza motoni hadi ukayeyuka na kushikamana na dhahabu, halafu akausugua hadi ukawa sawa na uso wa pete. Ndani, upande unaogusa ngozi ya mvaaji, alichonga jina la marehemu au herufi za mwanzo za jina hilo, tarehe aliyofariki na umri wake. Nafasi ilikuwa finyu, kwa hiyo neno la kufariki na neno la umri yalifupishwa kwa Kilatini, na herufi zenyewe ni ndogo kiasi kwamba asiye na kioo cha kukuzia anaweza kuzidhania mikwaruzo. Kuanzia miaka ya 1730 na 1740 mtindo ulibadilika: pete ikatengenezwa mfano wa utepe wenye mikunjo, na jina likahamia nje, herufi za dhahabu zikisimama juu ya ardhi ya enameli nyeusi na kukizunguka kidole chote. Aliyefariki kabla ya kuoa au kuolewa, na hasa mtoto, mara nyingi aliandikiwa kwa enameli nyeupe. Mtu anayejua kusoma pete hizi anapata jina, siku, umri, na pengine hata hali ya ndoa ya marehemu, mambo yale yale tunayoyatafuta leo katika cheti cha kifo.

Jambo moja ambalo makala yenu haikuligusa kabisa linatosha kuangusha hoja ya hirizi. Masonara wa Boston walikuwa na pete za mafuvu zilizokwisha kutengenezwa, wakazitangaza magazetini na kuzikalisha dukani zikisubiri wateja. Mtu alipofariki, familia ilikwenda kwa sonara, ikachukua pete kadhaa zilizo tayari, na sonara akazichonga jina na tarehe. Fuvu, kwa hiyo, lilikuwa la duka, na mteja yeyote angelipata lile lile. Kilichoifanya pete iwe ya mtu fulani kilikuwa ni maandishi. Masonara hawa wanajulikana kwa majina: Jeremiah Dummer, aliyezaliwa mwaka 1645 na kufunzwa kazi na John Hull, John Coney, Jacob Hurd, aliyefariki mwaka 1758, na baadaye Paul Revere, ambaye wengi wanamfahamu kwa habari za mapinduzi ya Marekani na si kwa kazi ya mikono yake. Hawa walikuwa watu wa kanisani waliotengeneza pia vikombe vya ushirika, na hakuna aliyewaona kuwa waganga.

Fuvu lenyewe lilikuwa na maana iliyofahamika na kila mtoto aliyepita makaburini. Ukienda kwenye makaburi ya Granary huko Boston, yaliyofunguliwa mwaka 1660, au yale ya Copp's Hill, utaona fuvu hilo hilo lenye mabawa juu ya mawe ya makaburi, safu baada ya safu. Kichwa kilichobaki mfupa kiliwakumbusha walio hai kwamba nao watakufa, na mabawa yaliwaambia kwamba roho imeondoka. Baadhi ya pete ziliongezewa maneno mafupi yenye maana ya jiandae kwa kifo, au jiandae kunifuata. Hayo ni mawaidha. Mhubiri yeyote wa msikitini au kanisani kwetu angeyatamka mazikoni bila mtu kushtuka.

Kuhusu Salem, naomba nieleze kwa urefu kidogo, kwa sababu hapo ndipo makala ilipopotea njia kabisa. Mwaka 1692 mahakama maalumu iliwahukumu watu kwa tuhuma za uchawi, wakanyongwa watu 19, na mmoja akafa akigandamizwa kwa mawe kwa kukataa kujibu mashtaka. Mmoja wa majaji waliokaa katika mahakama hiyo alikuwa Samuel Sewall wa Boston. Jaji huyo aliandika shajara kwa miaka mingi, na humo aliorodhesha zawadi alizopewa kwenye maziko. Kati ya mwaka 1687 na 1725 alipokea pete za msiba 57. Ni mtu huyo huyo ambaye Januari 1697 alisimama kanisani mbele ya waumini wenzake, mchungaji wake akisoma waraka wa Sewall mwenyewe wa kukiri aibu na hatia yake katika hukumu zile za Salem. Kama pete yenye fuvu ingekuwa chombo cha kichawi machoni pa watu wale, jaji aliyewatafuta wachawi kwa bidii, kisha akatubu hadharani kwa kuwaonea wasio na hatia, asingezipokea pete hizo kabla ya mwaka 1692, wala baada yake, wala asingeziandika kwa uangalifu karibu na habari za sala na familia yake.

Wapuritani, yaani Waprotestanti wa Kiingereza wenye msimamo mkali, waliohamia New England, eneo la makoloni yenye miji kama Boston na Salem, walikuja na msimamo mkali kuhusu maziko. Hawakukubali kuwaombea wafu, kwa kuwa waliamini hatima ya roho imekwisha kuamuliwa na Mungu, na katika miongo yao ya mwanzo maiti ilizikwa bila mahubiri na bila kusomewa chochote kaburini. Kengele ililia, majirani wakakusanyika, wakaibeba, wakasimama pale hadi ikafukiwa. Walikuwa wakali pia juu ya pete ya ndoa, waliyoiona kuwa masalia ya desturi za Kanisa la Roma, na ndoa zao zilifungwa na hakimu badala ya mchungaji. Watu hao hao, waliokataa pete siku ya furaha, wakaikubali siku ya msiba. Mimi naona sababu haiko mbali. Mahali ambapo sala ya kumwombea marehemu imeondolewa, wafiwa wanabaki na mikono mitupu, na wanahitaji tendo fulani la kufanya kwa ajili yake. Kumpa rafiki pete yenye jina lake lilikuwa ni tendo ambalo dini yao haikulikataza.

Desturi yenyewe waliikuta kwao. Uingereza watu waliagiza katika wosia kwamba marafiki wapewe fedha za kununulia pete; Shakespeare alifanya hivyo mwaka 1616 kwa waigizaji wenzake watatu, John Heminges, Richard Burbage na Henry Condell, kila mmoja shilingi 26 na peni 8. Baada ya Mfalme Charles wa Kwanza kukatwa kichwa mwaka 1649, wafuasi wake walivaa pete na vidani vyenye picha yake au nywele zake. Bahari ya Atlantiki ilipovukwa, desturi hiyo ikavushwa pamoja na meza, vitanda na Biblia.

Huko makoloni ilikua hadi ikawa mzigo. Familia ya kati au tajiri ilipofiwa ilitakiwa kutoa glavu, na mara nyingine glavu hizo zilitumwa kwa mtu kama mwaliko wa kuja mazikoni. Wabeba jeneza, wachungaji, madaktari na ndugu wa karibu walipewa pete juu ya glavu. Wait Still Winthrop, jaji mkuu wa Massachusetts, alipozikwa mwaka 1717, zilitolewa pete 60, kila moja ikigharimu zaidi ya pauni moja. Maziko ya Andrew Faneuil, mfanyabiashara wa Boston, mwaka 1738 yalitoa jozi 3,000 za glavu. Mchungaji Andrew Eliot wa kanisa la New North, Boston, aliweka hesabu ya glavu alizopewa kwenye maziko, harusi na ubatizo kwa miaka 32, zikafika jozi 2,940, na nyingi aliziuza, jambo ambalo sioni sababu ya kumlaumu kwa mshahara wa mchungaji wa wakati ule. Huko Salem, Daktari Samuel Buxton alipofariki mwaka 1758 akiwa na umri wa miaka 81, aliwaachia warithi kopo kubwa la kunywea lililojaa pete za msiba alizokusanya kwa miaka ya kusimama kando ya vitanda vya wagonjwa. Naitaja Salem hii kwa makusudi, kwa sababu ndiyo Salem ambayo katika karne iliyofuata meli zake zilikuja Zanzibar kununua pembe za ndovu na sandarusi na kutuletea nguo za merikani, na mtu wa Salem, Richard Waters, ndiye aliyefika Unguja mwaka 1837 akiwa konsuli wa kwanza wa Marekani. Msomaji wa Zanzibar anayeijua Salem kwa filamu za wachawi peke yake ameibiwa sehemu ya historia yake mwenyewe.

Gharama za maziko zililipwa kutoka katika mali ya marehemu, na kwa hiyo kila pete iliyovishwa kidole cha mheshimiwa fulani ilipunguza kilichobaki kwa mjane na watoto. Hapo nakubaliana na makala yenu kwamba desturi hii ilikuwa na ubaya wake, ila ubaya huo ulikuwa wa fedha, na watu wa makoloni waliuona wenyewe na wakaupigania. Katika miaka ya 1720 Massachusetts ilikataza kutoa skafu mazikoni. Mwaka 1741 sheria kali zaidi ilipitishwa: glavu zitolewe kwa wabeba jeneza sita na mchungaji tu, na mvinyo, ramu na pete zisitolewe kabisa, na atakayekaidi atozwe faini ya pauni 50. Sheria hiyo haikuzimaliza pete. Ziko nyingi zenye tarehe za baada ya hapo, na nyingine ni nzito na nzuri kuliko za kwanza. Watu walikuwa tayari kuvunja sheria kuliko kuonekana hawakumheshimu baba yao. Yeyote aliyewahi kuona familia ya kwetu ikikopa ili matanga yasiwe ya aibu atalielewa jambo hilo bila kufafanuliwa.

Kilichoweza kupunguza mambo ni siasa. Oktoba 1774, wajumbe wa makoloni waliokutana Philadelphia walikubaliana kususia bidhaa za Uingereza, na kifungu cha nane cha makubaliano yao kiligusa msiba moja kwa moja: anayefiwa asivae zaidi ya kitambaa au utepe mweusi kwenye mkono au kofia kwa mwanamume, na utepe mweusi na mkufu kwa mwanamke, na utoaji wa glavu na skafu mazikoni ukome. Vitambaa vya msiba na glavu vilitoka Uingereza kwa wingi, kwa hiyo kuomboleza kwa unyenyekevu kukawa ni kuipinga serikali ya London. Nataja hili kwa sababu makala ilisema mapambo haya yalikuwa mambo ya giza yaliyofichwa majumbani. Jambo lililofichwa halipigwi marufuku na bunge la jimbo, wala haliingii katika makubaliano ya kususia biashara ya dola.

Niseme sasa kuhusu nywele, maana nahisi ndizo zilizowatisha wengi, na ninaelewa kwa nini. Kwetu mtu hufundishwa tangu utotoni kwamba nywele zake zilizokatwa zisitupwe ovyo, zisije zikaangukia mikononi mwa mwenye nia mbaya, na mjane anayekaa eda huvua mapambo badala ya kuyavaa. Msomaji mwenye malezi hayo akiona nywele za maiti zimefungwa ndani ya pete, neno hirizi linamjia lenyewe. Lakini watu wale walikuwa Waprotestanti waliokataa kwa nguvu zote heshima ya masalia ya watakatifu, na hawakutegemea nywele ziwalinde na chochote. Walizitunza kwa sababu nywele haziozi kama mwili. Kishungi kilikatwa kwa marehemu, kikasukwa wavuwavu, kikalazwa chini ya kipande cha kristali kilichochongwa, na juu ya nywele hizo mara nyingine ziliwekwa herufi za jina zilizopindwa kwa uzi wa dhahabu. Sonara anayejali kazi yake haichovyi pete ya namna hiyo majini, kwa kuwa maji yakipenya chini ya kristali nywele na karatasi ya chini huharibika na hazirudi. Vivyo hivyo hatakubali kuikata pete yenye enameli ili aipanue, hata mteja akisisitiza, kwa sababu moto wa kulehemu utaipasua enameli, na msumeno utapita katikati ya jina.

Baada ya miaka ya 1770 mafuvu yalipungua. Badala yake ukaja uso wa pete ulio mrefu na wenye ncha mbili, uliochorwa mti wa mwerebi ulioinamisha matawi, chombo cha majivu juu ya nguzo, na mwanamke aliyeegemea nguzo hiyo akilia. Wachoraji wengine walisaga nywele za marehemu na kuzichanganya na rangi, na kuzungushia uso huo lulu ndogondogo zilizochukuliwa kuwa machozi. Mawe ya makaburi nayo yalifuata mkondo huo huo, fuvu likageuka sura ya malaika, kisha mwerebi na chombo cha majivu. Mimi binafsi zile za awali zinanigusa zaidi. Mwerebi ni mzuri, lakini unamtazama mfiwa. Fuvu lilimtazama aliyekufa na anayevaa kwa pamoja.

Kuna upande mmoja ambao makala haikuugusa na ambao mimi ningeufanya kuwa mkubwa kuliko yote. New England haikuwa na machimbo ya dhahabu. Sonara wa Boston aliyeyusha sarafu na vito vilivyochakaa, na sarafu za dhahabu za zama hizo zilitoka mbali. Sarafu ya Kiingereza iliyoanza kupigwa mwaka 1663 iliitwa gini kwa sababu ya dhahabu ya pwani ya Guinea, Afrika Magharibi, iliyoletwa na kampuni iliyofanya pia biashara ya watumwa. Kuanzia miaka ya 1690 dhahabu ya Minas Gerais nchini Brazil ilianza kumiminika kupitia Lisbon hadi London, na iliyoichimba mitoni ni mikono ya Waafrika waliotumikishwa kwa nguvu. Sarafu za Kireno za dhahabu hiyo zilizunguka pia katika bandari za Amerika Kaskazini. Hakuna awezaye kuishika pete moja na kusema chembe hii ilitoka mto ule, kwa kuwa dhahabu ikishayeyushwa husahau ilikotoka. Lakini biashara nzima iliyoileta dhahabu mezani kwa sonara ilikuwa imesimama juu ya watu hao. Sewall mwenyewe, kwa heshima yake, alilitambua kosa hilo mapema, akachapisha mwaka 1700 kijitabu cha kupinga kuwatumikisha Waafrika, na wengi wa rika lake hawakumsikiliza.

Na watumwa waliokufa katika miji hiyo waliombolezwa vipi? Katika jiji la New York sheria ya mwaka 1722 iliagiza watumwa wazikwe mchana, na ya mwaka 1731 ikaweka kikomo cha watu 12 wanaoweza kuhudhuria maziko ya mtumwa, ikakataza kitambaa cha kufunika jeneza, na mtumwa aliyethubutu kukibeba alistahili kuchapwa viboko hadharani. Wakati Jaji Winthrop wa Boston alizikwa kwa pete 60, huko walihesabiwa hata waombolezaji. Mwaka 1991, wajenzi wa jengo la serikali kusini mwa Manhattan walifukua makaburi ya Waafrika yaliyotumika hadi mwaka 1794. Iliondolewa mifupa ya watu 419, ikachunguzwa, na mwaka 2003 ikazikwa tena kwa heshima pale pale. Mwaka 2006 mahali hapo pakatangazwa kuwa eneo la ukumbusho wa taifa. Katika kaburi lililopewa namba 340 alilala mwanamke wa makamo, meno yake yakiwa yamechongwa kwa namna inayojulikana Afrika, na kiunoni alizikwa na shanga za kioo pamoja na simbi, zile kauri ambazo asili yake ni Bahari ya Hindi. Waliomzika walikuwa watu wasiomiliki hata miili yao, na bado hawakumvua shanga hizo ili waziuze au wazivae. Hayo nayo ni mapambo ya msiba ya Marekani ya kikoloni. Tofauti ni kwamba hayakuandikwa jina. Watafiti wamekadiria umri wake kwa mifupa, wakasoma maisha yake kwa meno, lakini jina lake halikupatikana, na hadi leo anaitwa kwa namba.

Ndiyo maana naona ni kosa kubwa kuonyesha pete yenye jina na kulificha jina. Aliyelipia maandishi yale alitaka marehemu wake atajwe na watu ambao hawajazaliwa. Mwanamke wa kaburi namba 340 hakupata nafasi hiyo. Tukiwa na pete iliyochongwa jina, siku na umri, na tukachagua kutazama fuvu na bei, tunamfanya mwenye pete naye awe mtu asiye na jina, na tunafanya hivyo bila sababu yoyote, kwa kuwa kioo cha kukuzia hakigharimu kitu kikubwa.

Nisahihishe pia mambo mawili madogo ya tarehe. Makala iliziweka pete hizi katika zama za Malkia Victoria na kuonyesha mikufu ya jiwe jeusi pamoja nazo. Mapambo ya jiwe hilo jeusi yalienea sana nchini Uingereza baada ya mume wa malkia kufariki mwaka 1861, karibu karne nzima baada ya makoloni kujitangazia uhuru mwaka 1776. Pete za msiba ziliendelea baada ya uhuru, ni kweli. George Washington, katika wosia aliouandika Julai 1799, miezi michache kabla ya kufariki, aliwaachia wanawake watano wa familia na wa karibu naye pete za msiba za thamani ya dola 100 kila moja, akaeleza kwamba hakuzitoa kwa ajili ya thamani yake bali ziwe ukumbusho wa heshima na mapenzi yake kwao. Hata hivyo kuzichanganya na vito vya miaka 60 baadaye ni sawa na kumwekea marehemu tarehe ya mjukuu wake. La pili ni kwamba tarehe za Januari, Februari na sehemu kubwa ya Machi katika pete za kabla ya mwaka 1752 zisomwe kwa tahadhari, kwa sababu hadi wakati huo mwaka wa Kiingereza ulianza rasmi tarehe 25 Machi, na pete iliyoandikwa Februari 1717 inaweza kuwa ya mwaka ambao sisi tungeuita 1718.

Wasomaji wanaotaka kuona pete hizi wenyewe wanaweza kuanza na mkusanyiko wa Massachusetts Historical Society huko Boston, chama kilichoanzishwa mwaka 1791, ambacho kinatunza vito vya maombolezo pamoja na karatasi za familia nyingi zilizovitoa na kuvipokea. Watanzania na Wakenya wanaoishi Marekani wako karibu na mahali hapo kuliko sisi, na naamini wapo watakaokwenda. Ninyi nanyi, Mhariri, endapo mtairudia mada hii, naomba mchapishe picha ya upande wa ndani wa pete kwa ukubwa ule ule mtakaoupa fuvu, na katika maelezo ya picha mwandike jina la marehemu na tarehe yake kabla ya jina la sonara na kabla ya bei.

Wenu msomaji,
Sonara, Mombasa